Mwenyeheri Giuseppe Toniolo: Mchumi Aliyeuliza Ubepari Umetoka Wapi

Kila tarehe 4 Septemba, majimbo kadhaa ya Italia huadhimisha kumbukumbu ya Mwenyeheri Giuseppe Toniolo. Kwa desturi, Kanisa huwakumbuka watakatifu na wenyeheri siku walipofariki dunia, kwa kuwa hiyo ndiyo siku yao ya kuzaliwa mbinguni. Toniolo alifariki tarehe 7 Oktoba 1918, siku ambayo tayari ni ya Bikira Maria wa Rozari. Siku iliyochaguliwa kwa ajili yake ni ile aliyofunga ndoa mwaka 1878. Uchaguzi huo unatuambia mengi juu yake. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mume, baba wa watoto saba, na profesa wa uchumi aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Pisa kwa karibu miaka 40.

Swali lililomshughulisha maisha yake yote lilikuwa hili: mfumo wa kiuchumi tunaouita ubepari umetoka wapi? Umekua na kubadilika kwa njia gani hadi kufikia ulipo? Na je, ni sheria ya maumbile, kama masika na kiangazi, ambayo mwanadamu hana budi kuipokea jinsi ilivyo, au ni kazi ya mikono ya wanadamu, ambayo wanadamu wanaweza kuirekebisha?

Swali hili si geni kwetu. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967, kizazi kizima cha Watanzania kilikua kikisikia mjadala juu ya ubepari na ujamaa. Leo waamini wengi hawakutani nalo katika vitabu, bali katika daftari la marejesho ya mkopo, katika bei ya mazao wakati wa mavuno, na katika mshahara usiofika mwisho wa mwezi. Ndiyo maana maisha ya profesa huyu yanastahili kusimuliwa parokiani kwetu.

Mtoto wa Veneto

Giuseppe Toniolo alizaliwa tarehe 7 Machi 1845 mjini Treviso, katika mkoa wa Veneto, kaskazini mashariki mwa Italia. Wakati huo Veneto ilikuwa chini ya utawala wa Austria, na ilijiunga na Ufalme wa Italia mwaka 1866 tu. Baba yake, Antonio, alikuwa mhandisi. Kijana huyo alisoma Venezia, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Padova, alikohitimu sheria mwaka 1867. Mwaka huohuo, mjini Hamburg, Karl Marx alichapisha juzuu ya kwanza ya kitabu chake juu ya mtaji. Watu hawa wawili hawakukutana, lakini waliyatazama mateso yaleyale ya wafanyakazi wa Ulaya, na kila mmoja akayatafutia maelezo na dawa kwa njia yake.

Mateso hayo Toniolo aliyaona karibu na nyumbani. Mkulima wa Veneto alikuwa na ardhi ndogo au hana kabisa, na wengi walilima mashamba ya wengine. Chakula chake cha kila siku kilikuwa polenta, yaani ugali wa mahindi, mara nyingi bila nyama, maziwa wala kunde. Ulaji huo ulileta ugonjwa wa pelagra, unaoharibu ngozi, tumbo na hatimaye akili, na hospitali za mkoa huo zilijaa wagonjwa wake. Kuanzia miaka ya 1880, nafaka za bei nafuu kutoka Marekani zilishusha bei ya mazao Ulaya. Mkulima aliyekosa akiba alikwenda kwa mkopeshaji wa kijiji, na riba ilimla kabla ya mavuno. Maelfu kwa maelfu walifunga mizigo yao wakaenda Brazil na Argentina.

Maadili ndani ya uchumi

Wachumi wengi wa siku zile walifundisha kwamba soko lina sheria zake, na kwamba mambo ya dhamiri na dini ni ya nyumbani na kanisani. Kwa maoni yao, mshahara ukishuka hadi mtu ashindwe kulisha watoto, hilo ni jambo la kusikitisha lakini halina mwenye kosa, kama vile hakuna mwenye kosa jiwe linapoanguka chini. Hata Adam Smith, Mskoti aliyechapisha kitabu chake maarufu juu ya utajiri wa mataifa mwaka 1776, alikuwa kwanza mwalimu wa falsafa ya maadili. Lakini waliomfuata walichukua hesabu zake na kuyaacha maadili.

Mwaka 1873, akiwa mwalimu kijana huko Padova, Toniolo alitoa mhadhara uliokuwa dira ya kazi yake yote. Alieleza kwamba maadili si kitu cha kuongezwa juu ya uchumi baada ya hesabu kumalizika. Yamo ndani ya sheria za uchumi zenyewe, kwa sababu anayenunua, anayeuza, anayeajiri na anayekopa ni mwanadamu mwenye akili, hiari na dhamiri. Mahali ambapo watu hutimiza ahadi, biashara hukua. Mahali ambapo kila mtu humwogopa mwenzake, gharama za kujilinda hula faida yote. Uaminifu, kiasi, bidii na huruma ni nguvu za kiuchumi, sawa na mashine na mbolea.

Katika hilo aliwasoma kwa makini wachumi wa Ujerumani walioshika njia ya historia, waliofundisha kwamba uchumi hauwezi kueleweka kwa hesabu peke yake, bila kutazama desturi, sheria na dini za watu. Lakini yeye alikwenda mbali zaidi, akasema kwamba historia hiyo inaweza kupimwa kwa kipimo cha heshima ya mwanadamu.

Siri ya utajiri wa Firenze

Baada ya kufundisha Modena kwa muda mfupi, Toniolo alihamia Pisa mwaka 1879. Pisa iko Toscana, mkoa ambao karne nyingi kabla yake ulikuwa kitovu cha biashara na benki za Ulaya. Mwaka 1882 alichapisha kitabu juu ya vyanzo vya mbali vya nguvu ya kiuchumi ya Firenze katika Zama za Kati. Hapo ndipo anapoonekana waziwazi kama mtafiti wa chimbuko la ubepari.

Firenze ilikuwa na fumbo. Mji huo hauko baharini, na haukuwa na migodi ya dhahabu. Hata hivyo, mwaka 1252 ulianza kutengeneza sarafu yake ya dhahabu, florini, iliyopokelewa sokoni karibu kote Ulaya. Wafanyabiashara wake walinunua nguo ghafi za Ulaya ya kaskazini, wakazitia rangi na kuzinakshi kwa ustadi, wakaziuza tena kwa bei kubwa. Wengine walileta sufu kutoka Uingereza na kuifuma wenyewe. Watawa wa shirika la Waumiliati, waliokuwa mafundi wa sufu, waliishi na kufanya kazi mjini humo. Mwandishi wa tarehe za Firenze, Giovanni Villani, aliandika kwamba karibu na mwaka 1338 kulikuwa na karakana za sufu zipatazo 200, na watu zaidi ya 30,000 walioishi kwa kazi hiyo.

Je, utajiri huo ulitoka wapi? Toniolo hakutosheka na jibu la tamaa ya faida, kwa kuwa tamaa ipo mahali pote na zama zote, wala si mahali pote panapotajirika. Alizitazama sababu zilizojificha nyuma ya hesabu: imani iliyoifanya kazi ya mikono iheshimiwe, familia zilizoweka akiba, uhuru wa raia katika mji wao, na vyama vya mafundi vilivyounganisha watu wa kazi moja. Vyama hivyo vilikagua ubora wa bidhaa, vilisimamia vipimo, vilimlea mwanagenzi mpaka awe fundi, na vilisaidia wanachama waliopatwa na shida. Kwa maelezo yake, Firenze ilitajirika kwa sababu watu wake walikuwa wamejifunza kuaminiana.

Lakini historia ya mji huo ina upande wa pili. Nyumba kubwa za biashara, hasa Bardi na Peruzzi, zilianza kuweka fedha nyingi katika mikopo kwa wafalme. Zilimkopesha Mfalme Edward III wa Uingereza, aliyeingia vitani na Ufaransa mwaka 1337. Mfalme alishindwa kulipa. Peruzzi ilianguka mwaka 1343 na Bardi mwaka 1346, na walioweka akiba zao humo, wakubwa kwa wadogo, wakapata hasara. Wakati huohuo, wafanyakazi wa chini kabisa wa sufu, walioitwa Ciompi, walikatazwa kuwa na chama chao. Mwaka 1378 waliasi, wakashika madaraka ya mji kwa muda mfupi, kisha wakazimwa kwa nguvu.

Ubepari unavyobadilika sura

Kutokana na utafiti wa namna hii Toniolo alipata tofauti iliyo muhimu kuliko zote katika mafundisho yake: mtaji ni kitu kimoja, na ubepari ni kitu kingine. Mtaji ni jembe, mbegu, cherehani, mashua, na akiba ya mtu aliyejinyima leo ili azalishe kesho. Ni tunda la kazi na ni msaidizi wa kazi, kwa hiyo ni jema. Ubepari, kwa jinsi alivyoutumia neno hilo katika ukosoaji wake, ni mpangilio ambamo msaidizi amegeuka kuwa bwana: jembe linamtawala mkulima, na fedha inazaa fedha bila kujali mwenye jasho anakula nini.

Aliona kwamba mgeuko huo haukutokea siku moja. Ulianza pale mali ilipojitenga na kazi, ukapata nguvu katika karne za Renesansi, wakati utukufu wa mwanadamu ulipoanza kutafutwa bila Mungu, ukaendelea baada ya umoja wa Wakristo wa Ulaya kuvunjika katika karne ya 16, na ukafikia kilele katika viwanda vya karne ya 19, baada ya vyama vya mafundi kufutwa na mfanyakazi kubaki peke yake mbele ya tajiri. Kwa mtazamo huo, ubepari una kuzaliwa, una ujana na una maradhi yake. Kitu chenye historia ya namna hiyo si sheria ya milele.

Wanazuoni wengine waliingia katika uwanja huohuo baada yake. Mwaka 1902 Mjerumani Werner Sombart alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya ubepari wa kisasa. Kati ya 1904 na 1905 Max Weber alitoa makala zake mashuhuri juu ya maadili ya Kiprotestanti na roho ya ubepari. Weber alikubali kwamba uroho wa mali ni wa zamani kama binadamu. Kilichokuwa kipya, kwa maoni yake, ni watu waliofanya kazi kwa nidhamu kali, wakiihesabu kuwa ni wito, na kuirudisha faida katika biashara badala ya kuitumia kwa anasa. Chimbuko la tabia hiyo alilitafuta hasa kwa wafuasi wa Calvin. Toniolo alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba benki, hesabu na biashara za mbali zilistawi katika miji ya Kikatoliki karne mbili na zaidi kabla ya Luther. Mjadala huo haujafungwa, lakini jambo moja liliwaunganisha wote wawili: mambo ambayo watu wanayaamini na kuyaheshimu hugeuza namna wanavyozalisha na kugawana mali.

Haki inadai tuseme pia kwamba wapo waliomlaumu Toniolo kwa kuzipaka Zama za Kati rangi nzuri kupita kiasi. Lawama hiyo ina uzito, na uasi wa Ciompi ni ushahidi wake. Lakini yeye hakutaka Ulaya irudi nyuma miaka 500. Alitaka watu wa zama za mashine wapate tena kile ambacho fundi wa Firenze alikuwa nacho kwa kiasi fulani: chama cha kumtetea, sehemu katika matunda ya kazi yake, na jina lenye heshima.

Kuhusu usoshalisti, Toniolo alikubali kwamba malalamiko ya wafanyakazi yalikuwa ya kweli. Alikataa dawa yake. Kufuta mali binafsi, alisema, kungemwondolea maskini hata ngao ndogo aliyo nayo, na kujenga jamii juu ya chuki ya matabaka ni kupanda mbegu ambayo haiwezi kuzaa udugu. Zaidi ya hayo, aliona kwamba pande zote mbili zilikuwa na kosa moja: kumtazama mwanadamu kama tumbo na mikono tu.

Toka darasani hadi kijijini

Mwaka 1889, pamoja na wenzake, alianzisha mjini Padova Umoja wa Kikatoliki wa Masomo ya Jamii. Miaka miwili baadaye, tarehe 15 Mei 1891, Papa Leo XIII alitoa Waraka wake wa Rerum Novarum, ulio msingi wa Mafundisho Jamii ya Kanisa ya nyakati zetu. Waraka ulitetea mshahara wa haki, haki ya kumiliki mali, na haki ya wafanyakazi kuunda vyama. Toniolo huhesabiwa miongoni mwa waliotayarisha uwanja ambao mbegu hiyo ilipandwa, na kwa hakika nchini Italia hakuna mlei aliyefanya kazi kubwa kuliko yeye ya kuueleza. Mwaka 1893 alianzisha, pamoja na Monsinyori Salvatore Talamo, jarida la kimataifa la sayansi za jamii. Mwaka 1894 alikuwa mwandishi mkuu wa mpango uliotolewa Milano, uliodai kulindwa kwa mashamba madogo, wafanyakazi kushiriki katika faida, pumziko la Dominika, na kudhibitiwa kwa riba na ulanguzi.

Wakati huohuo vijijini mawazo hayo yalikuwa yakipata miguu. Mwaka 1883, huko Loreggia karibu na Padova, Leone Wollemborg, msomi wa Kiyahudi, alianzisha benki ya kwanza ya kijiji nchini Italia kwa mfano wa zile za Mjerumani Friedrich Wilhelm Raiffeisen. Mwaka 1890 padre kijana, Luigi Cerutti, alianzisha ya kwanza ya Kikatoliki huko Gambarare, karibu na Venezia. Utaratibu wake ulikuwa rahisi. Wanachama walikuwa watu wa kijiji kimoja wanaofahamiana. Kila mmoja aliwadhamini wenzake kwa mali yake. Mikopo ilitolewa kwa jambo la uzalishaji, kama ng'ombe au mbegu, kwa riba ndogo. Ziada haikugawanywa, bali iliwekwa kuwa akiba ya wote. Katika miaka michache vyama hivyo vilifikia mamia, vingi vikiongozwa na maparoko, na mkopeshaji wa kijiji akapoteza wateja. Toniolo aliviunga mkono kwa kalamu na kwa mashauri yake, maana ndani yake aliona wazo lake likitembea: uaminifu umegeuka kuwa mtaji.

Msomaji mwenye SACCOS au VICOBA parokiani kwake ataitambua mara moja familia hii.

Majaribu na utii

Njia haikuwa laini. Mei 1898 bei ya mkate ilipanda, na watu wa Milano wakaingia barabarani. Jeshi likawapiga kwa risasi na mizinga, na makumi ya watu wakauawa. Serikali iliwafunga wasoshalisti, lakini pia ilimfunga padre mwandishi wa habari, Davide Albertario, na kuvifunga vyama vingi vya Kikatoliki kwa kuviona ni hatari. Aliyetetea maskini alionekana adui na pande zote.

Ndani ya Kanisa pia kulikuwa na mivutano. Toniolo alikuwa ameandika mwaka 1897 juu ya maana ya Kikristo ya demokrasia. Aliieleza kuwa ni utaratibu ambamo nguvu zote za jamii hushirikiana kwa ajili ya manufaa ya wote, na hatimaye huwainua zaidi walio chini. Baadhi ya vijana, wakiongozwa na padre Romolo Murri, walitaka wazo hilo liwe mara moja chama cha siasa. Mwaka 1901 Papa Leo XIII alielekeza kwamba neno hilo lieleweke kama kazi ya kuwatumikia watu, si siasa za vyama. Mwaka 1904 Papa Pius X akauvunja ule muungano mkuu wa walei wa Italia ambao Toniolo alikuwa ameutumikia kwa miaka mingi. Murri aligombana na wakuu wa Kanisa hadi akatengwa mwaka 1909. Toniolo alinyamaza, akasali, akaanza upya. Alipoombwa na Papa kusaidia kupanga upya utume wa walei, alikubali na kuongoza Umoja wa Watu, uliolenga kumwelimisha mwamini wa kawaida. Mwaka 1907, huko Pistoia, Wiki ya Jamii ya kwanza ya Wakatoliki wa Italia ilifanyika kwa juhudi zake, kwa kufuata mfano wa Ufaransa. Wiki hizo zimeendelea kuitishwa hadi nyakati zetu.

Baba wa familia

Pamoja na kazi hizo zote, Toniolo alikuwa mtu wa nyumbani. Yeye na mkewe, Maria Schiratti, walizaa watoto saba, na watatu kati yao walifariki wakiwa wadogo. Alishiriki Misa kila siku, na jioni familia ilisali Rozari pamoja. Wanafunzi wake walikaribishwa mezani kwake, wakaona kwamba mambo aliyowafundisha juu ya familia hayakutoka vitabuni tu. Alikuwa ameandika kwamba jamii mpya ingejengwa na watakatifu, na watoto wake walikuwa mashahidi kama aliishi maneno yake au la.

Vita Kuu ya Kwanza ilimhuzunisha sana. Aliona mataifa ya Kikristo yakitumia viwanda vyao kuua watu, na katika miaka yake ya mwisho alijishughulisha na wazo la taasisi ya Kikatoliki ya sheria za kimataifa kwa ajili ya amani, akiunga mkono juhudi za Papa Benedikto XV. Hakuuona mwisho wa vita hiyo. Alifariki Pisa mwezi mmoja tu kabla ya mapigano kukoma, akazikwa Pieve di Soligo, nyumbani kwa mkewe. Padre Agostino Gemelli alisimulia kwamba mzee huyo alimsihi, vita itakapokwisha, aanzishe Chuo Kikuu cha Kikatoliki. Chuo hicho kilifunguliwa Milano mwaka 1921, na taasisi iliyokianzisha ina jina la Toniolo hadi leo.

Papa Paulo VI alitambua fadhila zake za kishujaa mwaka 1971. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 29 Aprili 2012, baada ya Kanisa kuthibitisha kupona kwa ajabu kwa kijana mmoja wa Pieve di Soligo aliyeumia vibaya kwa kuanguka.

Tunapokea nini kutoka kwake?

Kwanza, tunapokea uhuru wa kufikiri. Tunapoambiwa kwamba biashara ndivyo ilivyo na hakuna la kufanya, Toniolo anatukumbusha kwamba biashara imekuwa na sura nyingi katika historia, na kila sura ilitokana na maamuzi ya watu. Katika miji yetu leo iko mikopo ambayo wananchi wenyewe wameipa jina la kausha damu. Mama anayekopa ili kununua mtaji wa nyanya hujikuta akiuza kitanda ili amalize riba. Hiyo si mvua wala kiangazi. Ni mpango uliobuniwa na watu, na watu wanaweza kubuni mwingine.

Pili, tunapokea wajibu. Wakulima wa Veneto hawakukombolewa na hotuba dhidi ya mkopeshaji. Walikombolewa na daftari safi la chama, mweka hazina mwaminifu, na wanachama waliorejesha mkopo kwa wakati ili jirani naye apate. Kiongozi wa SACCOS ya parokia anayekopa bila kurejesha, au anayeficha hesabu, anawasukuma ndugu zake kwenye mikono ya wanyonyaji, hata kama kila Dominika yuko kwaya. Vivyo hivyo mwajiri Mkristo anayechelewesha mshahara wa msaidizi wa nyumbani hawezi kuulaumu ubepari wa mataifa makubwa, maana ameuanzisha jikoni kwake.

Tatu, tunapokea matumaini kwamba utakatifu unapatikana pia ofisini, darasani na sokoni. Mhasibu, mwalimu wa biashara, ofisa wa benki na mama wa genge wana mwombezi aliyezijua hesabu zao.

Tumwombe Mungu atujalie uchumi unaomtumikia mwanadamu, na watu waaminifu wa kuujenga, kuanzia katika jumuiya zetu ndogondogo.

Mwenyeheri Giuseppe Toniolo, utuombee.